Vidonge alimeza, damu ikashuka tena: inakwenda wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Mbagala, nina watoto watatu. Binti yangu mkubwa ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Toka mwaka jana analalamika kuchoka, kichwa kinamuuma, akipanda ngazi za shuleni moyo unamwenda mbio. Zahanati walimpima, damu ikawa 8.9. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akameza wiki mbili, tukarudi kupima ikawa 10.1, tukafurahi. Sasa imepita miezi minne, imerudi 9.2. Kutwa anatafuna barafu, na juzi nimekuta udongo wa pemba kwenye begi lake. Jirani ananiambia nimpe juisi ya bitiruti na rozela, mwingine anasema soda nyekundu nichanganye na maziwa. Aliyeniumiza zaidi ni shangazi yake, kasema nimchunguze, huenda ana mimba. Kwangu hatulali njaa, watoto wanashiba. Sasa hiyo damu inakwenda wapi? Na mdogo wake wa miaka 12 nimpe nini asije akawa hivi?

JIBU: Marahaba, mama. Wazazi wengi wanaokuja na shida hii huanza na "nimpe nini?", na inanibidi niwarudishe nyuma kwanza. Wewe umeanza na "inakwenda wapi", na hapo ndipo penyewe. Binti aliyepewa vidonge damu ikapanda, kisha ikashuka alipoacha, ametuonyesha mambo mawili bila kipimo chochote cha ziada: mwili wake unajua kutengeneza damu ukipata malighafi, na malighafi hiyo inatoka kwa kasi kuliko inavyoingia.

Malighafi yenyewe ni madini chuma. Namba ulizoandikiwa ni wekundu wa damu, yaani gramu za himoglobini katika desilita moja. Kwa msichana wa umri wake asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 kuwa ni upungufu wa damu. Kati ya 8 na 10.9 ni upungufu wa kati, na chini ya 8 ni mkali. Kwa hiyo ile 10.1 mliyoifurahia ilikuwa bado iko ndani ya ugonjwa. Silaumu, maana hata sisi watoa huduma mara nyingi tunamwambia mzazi "imepanda" tukaishia hapo, naye anaondoka akijua kazi imekwisha.

Na usidhani ni nyumba yako tu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Ule wa 2022 ukakuta 42. Miaka yote hiyo, na tumeshuka hatua tatu tu.

Sasa tufungue daftari kama la kikoba, tuone kinachoingia na kinachotoka. Nitakadiria kwamba binti yako ana kilo 48 hivi. Mwili wa kilo hizo una damu lita tatu na kidogo. Kuitoa damu hiyo kwenye 8.9 na kuifikisha 12 kunahitaji madini chuma zaidi ya miligramu 300, na hapo bado hujaweka akiba. Kidonge cha kawaida cha kuongeza damu, kile kilichoandikwa miligramu 200, kina chuma halisi kama miligramu 65, na utumbo unachukua sehemu ndogo tu ya hiyo, tuseme miligramu 6 mpaka 9. Vidonge 14 vikampa kama miligramu 100. Alilipa theluthi ya deni. Ndiyo maana ikapanda kwa pointi moja na ushee, ikasimama.

Kutoka 10.1 kurudi 9.2 kwa miezi minne, ukipiga hesabu ileile kinyumenyume, ni upungufu wa kiasi cha miligramu 0.8 kwa siku. Kidogo sana, mama, hata kwenye ncha ya kijiko hukioni. Ndiyo maana hukuona damu ikimwagika popote, wala hukuona njaa.

Inatoka wapi? Hapa nitakuuliza jambo ambalo naona zahanati hawakuliuliza, na huenda hata wewe hujawahi kumuuliza: hedhi yake ikoje?

Zamani pwani yetu msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake, mtu mzima wa kumweleza mambo haya bila haya. Siku hizi mjini somo hayupo, mama anaona aibu, binti anajifunza kwa wenzake darasani, na wenzake nao wanavuja vilevile kwa hiyo kila mtu anaona ndivyo ilivyo. Mililita moja ya damu yenye afya imebeba karibu nusu miligramu ya chuma. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 au 40 kwa mwezi. Ikizidi 80 tunaiita hedhi nzito, na hapo mwezi mmoja unaondoka na miligramu 40. Gawa kwa siku 30 uone. Ukijumlisha na kile ambacho mwili wa kila mtu unapoteza kila siku kwa ngozi na utumbo, na kile kinachohitajika kwa sababu bado anakua, binti huyu anahitaji kuingiza miligramu mbili au zaidi kila siku ili abaki palepale alipo.

Hakuna nyumba inayopima mililita, kwa hiyo muulize hivi. Siku zenye damu nyingi, pedi inalowa ndani ya saa ngapi? Ikiwa ni moja au mbili, ni nyingi mno. Anaamka usiku kubadilisha? Anavaa mbili kwa pamoja? Anatoa mabonge makubwa kuliko sarafu? Inapita siku saba? Na kama anatumia vitambaa, hesabu vitambaa. Muulize pia kama anatokwa damu puani mara kwa mara au fizi zinavuja akipiga mswaki. Na wewe mwenyewe ujiulize kama ulivuja sana ulipojifungua au ulipong'olewa jino. Kuna magonjwa ya kurithi ya damu kutoganda vizuri, na mara nyingi dalili yake ya kwanza kwa msichana huwa ni hedhi isiyokatika.

Ikiwa jibu ni "ndiyo" kwa lolote kati ya hayo, basi umeshapata sehemu kubwa ya damu yako iliyopotea. Miaka miwili ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, hedhi ya wasichana wengi huwa haina mpangilio kwa sababu mayai bado hayapevuki kila mwezi, na siku zikirukwa, inayofuata hushuka kwa fujo. Hilo linatibika. Zipo dawa za kupunguza damu zinazomezwa siku za hedhi tu, na zipo za homoni, yaani vidonge unavyovijua kama vya uzazi wa mpango. Nakuambia mapema ili usishtuke daktari akivitaja: hapa vinatumika kutuliza ukuta wa mfuko wa uzazi, haviharibu kizazi wala si ruhusa ya chochote. Nimeona akina mama wakikunja karatasi na kuondoka waliposikia jina lake, na binti akarudi mwaka unaofuata akiwa na damu 6.

Tuje kwenye kinachoingia. Umesema watoto wanashiba, nami nakuamini. Lakini kushiba ni jambo moja na chuma ni jingine. Ngoja nikisie siku ya binti yako, ukiona nimekosea unisamehe. Anatoka saa 11 alfajiri kuwahi daladala, hajala. Saa nne anapata chai ya rangi na maandazi mawili, au mihogo ya kukaanga na kachumbari kiduchu. Mchana kama shule haina chakula anapiga chipsi kavu au anangoja nyumbani. Jioni ugali wa sembe, mchicha na maharage, halafu chai tena. Tumbo limejaa mara tatu, ila chuma kilichoingia huenda ni miligramu 10, na chote ni cha mimea. Chuma cha mimea mwili unachukua sehemu ndogo, mara nyingi asilimia 5 mpaka 10. Kwa hiyo ameingiza nusu miligramu au moja, wakati anahitaji mbili. Ile 0.8 yetu inatoka kwenye pengo hilo.

Na chai ndiyo inayonikera kuliko yote, maana inapendwa na haishukiwi. Kikombe kimoja cha chai pamoja na chakula kinaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye mimea kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo hivyohivyo. Sikwambii mwache chai, hilo kwa watu wa pwani ni kuombea ugomvi. Nasema iachane na sahani. Mle kwanza, chai ije saa moja au mbili baadaye. Asubuhi badala ya chai apate uji, na kama unaweza kupata togwa, bora zaidi: kimea na uchachu huvunja kile kitu kwenye nafaka kinachokifunga chuma kisifyonzwe. Bibi zetu hawakujua jina lake lakini walikuwa na dawa yake.

Wanaohamia mjini wanaacha dagaa kwa sababu wameshaitwa chakula cha shida. Warudishe. Chuma cha nyama na samaki kinafyonzwa vizuri kuliko cha mimea, na zaidi ya hapo kikikaa sufuria moja na mchicha au kunde kinavuta hata kile cha mboga. Kwa hiyo kiganja cha dagaa ndani ya mchicha kina faida kuliko vyote viwili vikiliwa mbalimbali. Maini ya ng'ombe mara moja kwa wiki ni mazuri sana. Mfuko ukikaza, maini na firigisi za kuku pale kwa muuza kuku vinashika nafasi. Miguu na shingo ni kwa ajili ya supu tu, usivihesabu. Maharage, choroko na kunde loweka usiku kucha, mwaga maji. Kila sahani yenye mboga ikamuliwe ndimu, au afuatishie pera, embe, chungwa au papai, maana vitamini C ndiyo inayofungua mlango. Unga wa viwandani wa ngano na mahindi unatakiwa kuongezwa chuma na asidi ya foliki tangu kanuni za mwaka 2011, kwa hiyo soma mfuko. Sembe la mashine ya mtaani halina nyongeza hiyo.

Hayo yote yatamlinda akishapona. Peke yake hayatamponya. Mtu mwenye deni la miligramu 300 hawezi kulilipa kwa mchicha, hata ale bustani nzima.

Juu ya vitu vyekundu nitakuwa mfupi. Bitiruti ni nyekundu kwa rangi yake tu, chuma chake ni kidogo, hakifiki miligramu moja katika gramu 100. Rozela ina uchachu mzuri na si adui, apewe akitaka, lakini isihesabiwe kuwa dawa. Soda nyekundu na maziwa ni sukari, rangi, na kalisi inayozuia chuma. Hiyo pesa kanunue dagaa.

Barafu na udongo. Usimpige, wala usimwaibishe mbele ya wadogo zake. Hamu ya kutafuna barafu, udongo, mchele mbichi au chaki ni dalili inayojulikana ya mwili kukosa chuma. Si utovu wa adabu, na peke yake si ushahidi wa mimba, ingawa wajawazito nao hupata hamu hiyo, tena mara nyingi kwa sababu hiyohiyo ya chuma. Kinachofurahisha ni kwamba hamu ya barafu mara nyingi hukatika siku chache baada ya kuanza vidonge, kabla hata namba haijapanda. Udongo lakini auache mapema, kwa sababu unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini kama risasi, na udongo mwingine hukishika chuma tumboni kisifyonzwe. Yaani upungufu unamtuma kula udongo, na udongo unamzidishia upungufu.

Kwa shangazi, mwambie nimesema asante kwa kuwaza. Kipimo cha mimba ni sehemu ya kawaida ya kumchunguza msichana yeyote aliyevunja ungo mwenye upungufu wa damu, tunakifanya bila kumshuku mtu. Kiache kifanywe hospitali pamoja na vingine, binti akiwa na faragha yake na mtoa huduma kwa dakika tano bila wewe. Atasema mengi zaidi ukiwa nje, kuhusu hedhi pia.

Ukienda, usikubali kupimwa wingi wa damu peke yake kwa mara ya tatu. Omba picha kamili ya damu, inayoonyesha na ukubwa wa chembe nyekundu. Zikiwa ndogo na zimepauka, chuma ndicho mshukiwa wa kwanza. Ila huku pwani kuna watu wengi waliozaliwa na aina nyepesi ya thalasemia, tatizo la damu la kurithi, na wao chembe zao ni ndogo maisha yote. Kama uwezo upo, kipimo cha feritini kinaonyesha akiba ya chuma moja kwa moja. Aulizwe na apimwe selimundu kama hajawahi. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi kila mwaka wanaozaliwa nayo, na wapo wanaofika sekondari bila kujua. Mwenye selimundu hapewi chuma kiholela.

Choo kipimwe minyoo. Kiswahili chetu kina neno safura, na wazee walilitumia kwa ugonjwa wa kupauka na kuvimba uletwao na minyoo inayoning'inia utumboni na kunyonya damu. Minyoo hiyo ipo mpaka leo, hasa panapokuwa na vyoo vibovu na watoto wanaotembea peku. Dawa za minyoo za kampeni kwa kawaida hugawiwa shule za msingi, kwa hiyo aliyevuka kwenda sekondari anaweza kukaa miaka bila kumeza hata mara moja. Mkojo nao uangaliwe kichocho. Malaria na VVU vipimwe, ni vipimo vya dakika chache. Na kama tumbo linamuwaka kila mara, amweleze daktari, maana bakteria wa vidonda vya tumbo nao wanapunguza ufyonzaji.

Ikithibitika ni chuma, vidonge vitarudi, na safari hii ni vya muda mrefu. Kwa kawaida ni kidonge kimoja kwa siku mpaka damu ifike 12, kisha miezi mitatu mingine kujaza akiba. Hiyo ya pili ndiyo watu hawaimalizi, na ndiyo inayozuia kisa chako kujirudia. Baada ya wiki nne apimwe. Tunategemea ipande kwa gramu moja au mbili. Isipopanda na vidonge kweli amemeza, hapo tunatafuta sababu nyingine, hatuongezi vidonge.

Ameze kwa maji au juisi ya chungwa, mbali na chai, maziwa na dawa za kiungulia. Choo kitakuwa cheusi, asiogope. Kichefuchefu na choo kigumu ndivyo vinavyowashinda wasichana wengi, nao hawasemi, wanatupa kidonge chooni. Akishindwa, ameze usiku kabla ya kulala, hata kama ni baada ya chakula kidogo. Njia nyingine ni kumeza siku moja na kuruka moja. Ini linatoa homoni iitwayo hepsidini kila anapomeza chuma, na kwa takribani siku nzima homoni hiyo inaufunga mlango wa utumbo, hivyo kidonge cha kesho yake kinafyonzwa kidogo. Kwa siku mbadala anapoteza kidogo na tumbo linapumua. Akubaliane na daktari wake. Vifungie kabatini juu, maana kichupa kimoja kinaweza kumuua mtoto mdogo anayedhani ni peremende.

Usisubiri miadi ikiwa anahema akiwa amekaa tu, anazimia, miguu inavimba, anapata maumivu ya kifua, au pedi inalowa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo. Huyo anapelekwa siku hiyohiyo, na huenda akahitaji kuongezewa damu. Kwa 9.2 na akiwa anakwenda shule, hajafika huko, kwa hiyo mtu akikuambia mkamwongeze damu sasa hivi ili apone haraka, kataa.

Huyu wa miaka 12 yuko pazuri pa kumuwahi. Anaingia kwenye kipindi cha kurefuka, na hedhi iko mlangoni kama haijafika. Apate dawa ya minyoo, ale na wenzake vile nilivyoeleza, chai yake isogee mbali na sahani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kidonge kimoja cha chuma chenye asidi ya foliki kwa wiki kwa wasichana walioanza hedhi, katika nchi ambazo upungufu ni mwingi. Muulize mtoa huduma kama kinapatikana kwenu. Siku unayompeleka dada yake, nenda naye pia apimwe, nauli yake ya daladala ni ya mwanafunzi. Na kabla hamjaondoka nyumbani, nunua daftari dogo mbili, kila mmoja lake, waandike tarehe hedhi inapoanza, inapokatika, na pedi ngapi. Daktari atakapouliza, wasikutazame wewe usoni.